Fundi kasema zege tusilimwagilie mpaka siku ya tatu, na jua la Moshi hili?

BARUA

Habari za kazi mshauri. Mi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Moshi mjini na tunajenga Mabogini, kule chini unapoelekea upande wa mashamba ya miwa. Mume wangu yuko kikazi Dodoma, anakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo saiti naisimamia mimi. Fundi wetu mkuu ni baba mdogo wa mume wangu, mdogo wa mwisho wa marehemu baba mkwe, mzee anayeheshimika ukoo mzima na amejenga nyumba nyingi sana huko juu Kibosho, hata ya mama mkwe kajenga yeye na mpaka leo iko imara. Nayasema haya ujue mapema kwamba sitaki kabisa ionekane namdharau.

Shida yangu iko hivi. Jumamosi iliyopita tulimwaga jamvi la nyumba, lile zege la chini linalokaa sakafu, kama mita za mraba 110. Walianza saa nne asubuhi wakamaliza saa tisa, jua lilikuwa kali mno na upepo ulikuwa unapiga, vumbi tupu. Ilipofika saa kumi na nusu nikaona upande walioanzia umepasukapasuka, vistari vyembamba vingi, vingine virefu kama mkono wangu. Nikamwita baba mdogo akasema hiyo ni kawaida, zege linakauka, itakuja kufunikwa na sakafu. Nikamuuliza basi tumwagie maji? Akasema hapana, zege halimwagiwi maji mpaka siku ya tatu, ukiwahi simenti inaoshwa unabaki na mchanga mtupu. Nikanyamaza.

Jioni akaja jirani ambaye naye kamaliza kujenga juzi juzi, akasema tumeshachelewa, yeye la kwake alilifungulia mpira palepale mafundi walipoinua ubao wa kusawazishia. Akashika mpira kabisa anataka kuanza, baba mdogo akakasirika, wakajibizana mbele ya vijana mpaka nikaona aibu. Mume wangu kwenye simu ananiambia waachie mafundi kazi yao. Mwisho wa siku tulianza kumwagilia Jumatatu jioni, sasa tunafanya asubuhi na jioni kwa ndoo, ila nikipita mchana nakuta lote jeupe pee limekauka.

Sasa Jumamosi ijayo tunamwaga slabu ndogo juu ya jiko la nje na stoo, mita 4 kwa 5, unene sentimita 15, na juu yake tunataka kuweka tenki la lita 5000. Hii ndo inayoninyima usingizi kwa sababu chini yake watu watakuwa wanapita na watoto watakuwa wanacheza. Naomba uniambie ukweli, maji tuanze lini, baada ya masaa mangapi? Na hili jamvi lililopasuka tulibomoe au vipi? Na baba mdogo nimwambieje asije akaona mke wa mwanawe anamfundisha kazi? Maji ya bomba tunayo ila kuna siku yanakuja usiku tu, na tuna mapipa mawili.

Mama wa Mabogini

JIBU

Mama wa Mabogini, pole na majukumu na hongera kwa kusimama saiti mwenyewe, maana macho yako yameona jambo ambalo watu wengi wanalipita tu.

Nianze na slabu maana ndo inayokuja. Msisubiri siku ya tatu, wala msisubiri kesho yake asubuhi. Kwa huko mliko na jua la sasa hivi, slabu ikingwe jua na upepo kuanzia dakika ileile fundi anapomaliza kuisawazisha, na maji yaanze siku hiyohiyo, au usiku huohuo kama mmemwaga jioni, pale tu uso wake unapokuwa mgumu kiasi kwamba maji hayauchubui. Hapo kuna mambo mawili, kukinga halafu kumwagilia, na baba mdogo na jirani yako wamegombana kwa sababu kila mmoja kashika jambo moja akaliacha la mwenzake.

Baba mdogo yuko sahihi kabisa kwamba maji yakimwagwa juu ya zege bichi yanaosha simenti. Ukifungulia mpira juu ya zege ambalo bado linabonyea, pale juu maji yanazidi, simenti inakimbilia pembeni, na ukija kufagia ile sakafu baadaye inatoa unga kila siku na haiishi. Kwa hiyo la jirani la kufungulia mpira palepale lisifanyike. Ila jirani naye ameona kitu cha kweli, kwamba kwenye joto lile zege haliwezi kukaa uchi mpaka Jumatatu.

Sasa kwanini sheria ya siku ya tatu, au hata ya kesho yake, imemtumikia mzee vizuri miaka yote hiyo huko juu? Kibosho kuna migomba kila upande, kuna kivuli, kuna ukungu wa asubuhi, hewa ina unyevu na ubaridi, jua likitoka halikai. Zege la kule linatunza maji yake lenyewe muda mrefu, fundi anaweza kulala akaja kesho akalikuta bado lina weusi wa unyevu. Mabogini ni tambarare chini kabisa, ni joto kuanzia asubuhi, na miezi hii kabla ya masika ndo mibaya kuliko yote. Mlima ni uleule mnaouangalia wote, lakini hewa ni mbili tofauti, na zege linafuata hewa ya pale lilipomwagwa.

Nikueleze kidogo kinachotokea mle ndani ili ukisimama saiti ujue unaangalia nini. Zege haliwi gumu kwa sababu maji yametoka, ingawa wengi tunaongea hivyo. Linakuwa gumu kwa sababu simenti na maji vinashikana vinakuwa kitu kingine kabisa, na huo mshikamano unaendelea kwa wiki nyingi, ndo maana wahandisi wanapima nguvu ya zege siku ya 28. Mfuko wa kilo 50 peke yake unahitaji lita kama 11 au 12 kwa ajili ya kushikana tu, na mengine yananaswa kwenye vitundu vidogo vidogo, ndo maana mchanganyiko mzuri unakaa kwenye lita 25 hivi kwa mfuko, ukihesabu na yale maji ambayo tayari yako kwenye mchanga. Maana yake siku mnayomwaga maji ya kutosha yamo tayari. Jua na upepo vikiyanyonya kabla simenti haijayatumia, kazi inasimama pale ilipofikia, na sehemu inayoumia zaidi ni ngozi ya juu, ileile itakayokanyagwa na kubeba vitu. Simenti uliyoinunua inabaki mle haijafanya kazi.

Kwa zile nyufa zako ni hivi. Zege likishamwagwa, mawe na mchanga vinashuka taratibu na maji kidogo yanapanda juu, utaona linang'aa. Kama jua na upepo vinayachukua yale maji kwa kasi kuliko yanavyopanda, ngozi ya juu inajivuta huku chini bado bichi, inachanika. Wahandisi wanasema ukishafika kama lita moja kwa kila mita ya mraba kwa saa, hapo nyufa ni za kutarajia. Piga hesabu kwa jamvi lako la mita 110, ni lita 110 zinaruka hewani kila saa, nusu pipa, na hamna mtu anayeziona. Na hii inatokea masaa ya mwanzo tu, kwa hiyo hata mngemwaga maji pipa zima Jumatatu lile lilikuwa limeshatokea Jumamosi saa kumi.

Watu wanalaumu jua peke yake lakini upepo ni mbaya vilevile, na ukavu wa hewa, na joto la zege lenyewe kama kokoto zilishinda zinaiva juani. Hili nawaambia na ndugu zangu wa Arusha ambao wanaona wao kwao baridi basi wako salama, nenda Kisongo mchana uone upepo ule, au hapo katikati Bomang'ombe, zege linachanika huku watu wamevaa masweta.

Umeniuliza masaa mangapi. Mi nikikutajia namba moja nitakuwa nakudanganya. Simenti ya 32.5, ile namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko, kiwango chake kinataka isianze kuganda kabla ya dakika 75, ya 42.5 isianze kabla ya dakika 60, lakini vile vipimo vinafanyika maabara kwenye nyuzi joto 20, na saiti yako mchana inaweza kufika 33 kwenye kivuli. Mchanganyiko nao tofauti, maji tofauti. Kwa joto la huko inaweza kuwa masaa manne, inaweza kuwa sita, na kwa usiku wa baridi wa Arusha mwezi wa saba inaweza kufika hata kumi. Kwa hiyo achana na saa ya ukutani, tumia kidole. Ule mng'ao wa maji juu ukishapotea, kaa unapima kila baada ya muda, bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu kabisa. Likiacha shimo, bado. Likiacha alama ndogo tu, karibu. Likikataa kabisa kuacha alama, chukua maji kwenye kiganja uyamwage taratibu pembeni sehemu moja halafu uyaangalie, yakiwa meupe kama maziwa maana yake bado yanabeba simenti, funika subiri tena, yakibaki masafi anza kazi. Pima pale walipoanzia kumwaga na pima pale walipomalizia, maana yanaweza kupishana masaa, na hamna ubaya ukaanza kumwagilia upande mmoja huku mwingine bado umefunikwa.

Hayo masaa ya katikati, kati ya ubao kuinuliwa na dole gumba kukubali, ndo masaa ambayo kwenye jamvi lenu hakuna mtu aliyeyashughulikia. Kwa slabu ya mita 4 kwa 5 ni rahisi sana. Andaa nailoni ya kutosha kufunika yote mpaka inaning'inia pembeni, nyeupe au inayopitisha mwanga ni bora kuliko nyeusi kwa sababu nyeusi inavuta joto, na ule mng'ao wa maji unapoanza tu kupungua nailoni ilazwe juu, kingo zikandamizwe na mbao au mawe upepo usiingie chini. Itaacha alama kidogo juu ya uso, kwa slabu ya tenki hiyo haina shida yoyote. Kama mnaweza simamisheni na kivuli, turubai kwenye mirunda upande upepo unakotokea, hata majani ya migomba yakipangwa juu ya fito yanasaidia. Na kama mna lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, liwe jipya au limeoshwa kabisa lisiwe na harufu ya dawa, unapuliza umande mwembamba hewani juu ya zege, usilielekeze moja kwa moja, lengo ni hewa ya pale juu iwe na unyevu. Ila ule umande fundi asiusugue ukaingia ndani.

Na vijana wakiona maji yamepanda juu wasinyunyize simenti kavu kuyakausha ili wapige niru, yaani kulainisha uso kwa simenti, haraka. Wengi wanafanya hivyo na ndo chanzo cha ngozi inayobanduka.

Ikitokea mkaona ufa unaanza huku zege bado laini, hapohapo fundi arudi na ubao alisugue tena mpaka ufa ujifunge mpaka chini, halafu funika haraka. Likishakuwa gumu huo mlango umefungwa. Kwa hiyo mtu mmoja asiondoke pale. Mafundi wakimaliza kumwaga wamechoka, wanaosha vifaa, wanaenda kula, na zege linabaki peke yake kwenye saa yake mbaya kuliko zote.

Sasa maji yenyewe. Ndoo asubuhi na ndoo jioni kwa Mabogini haitoshi mama, na wewe mwenyewe umeshaona kwa macho, mchana jeupe pee. Kulowa halafu kukauka halafu kulowa tena kunalichosha zege, ngozi inavimba na kunywea kila siku. Linatakiwa likae na weusi wa unyevu muda wote, mchana na usiku. Kwa maji yenu ya mgao njia nzuri ni kutandaza magunia ya katani yaliyolowa juu ya slabu yote, kisha nailoni juu ya magunia, hapo ukilowesha asubuhi unyevu unashinda, unaangalia tu mchana kwa kuingiza mkono chini. Sandarusi za plastiki hazifai kwa kazi hii, hazishiki maji. Njia nyingine ni kujenga kituta cha udongo pembezoni uifanye slabu kama bwawa, kina cha sentimita mbili na nusu kwa eneo lako ni lita 500 tu, na hii ni nzuri kuliko zote ila ukishaanza usiliache likauke. Mchanga uliolowa nao unafaa kama magunia hamna.

Kitu kimoja kwa ninyi mnaokaa karibu na miwa, nisikilize vizuri hapa. Magunia yaliyobeba sukari, au madebe ya molasi, yasikaribie zege wala maji ya kuchanganyia. Sukari ni adui mkubwa wa simenti, gramu 25 tu kwenye mfuko wa kilo 50 zinaweza kuchelewesha kuganda kwa masaa, na ikizidi zege linaweza lisigande kabisa. Magunia ya mbolea pia yaacheni, chumvi zake zinalishambulia zege. Tafuta magunia yaliyobeba nafaka au kahawa, yafue kwa maji matupu bila sabuni, yakauke, ndo yatumike.

Na ubaridi wa maji uangaliwe. Maji yanayoshuka mlimani yakija usiku kwenye bomba ni ya baridi kweli, na slabu ya saa saba mchana inaunguza, ukiyamwaga ghafla ngozi ya juu inanywea huku ndani bado moto, unapata nyufa zingine. Yasizidi ubaridi wa nyuzi kama 11 chini ya joto la zege. Wewe jaza mapipa usiku, yaache kivulini yapate joto la hewa, maji ya kwanza kabisa ipe jioni au usiku. Mkishafunika na magunia tatizo hili linaisha lenyewe maana slabu haipati moto tena.

Siku ngapi? Saba ndo kidogo kabisa kwa simenti ya kawaida. Lakini angalia mfuko umeandikwa nini, ukikuta CEM II au CEM IV maana yake imechanganywa na vitu vingine, mara nyingi pozolana (kama majivu ya volkano) au chokaa ya mawe, na zile za pozolana zinakuwa na nguvu taratibu zaidi, zinahitaji unyevu muda mrefu. Kwa slabu itakayobeba tenki mi nasema nendeni siku 14 bila mjadala. Pembeni za slabu na zile bimu mkishatoa mbao nazo zifungwe magunia, watu wanamwagilia juu tu wanasahau ubavuni.

Hii yote itakuwa rahisi zaidi mkibadilisha saa ya kumwaga. Slabu yako ni kama mita tatu za ujazo, mifuko kama 20, ni kazi ya masaa machache na mashine. Anzeni saa kumi jioni, wekeni taa, masaa ya hatari yote yataangukia usiku ambapo hakuna jua na mara nyingi upepo umetulia. Mkimwaga saa nne asubuhi simenti inatoa joto lake la kuganda wakati uleule jua liko utosini. Mchana wake mwagieni kokoto maji zipoe, mbao na nondo vilowe ila pasibaki madimbwi ndani. Na zege likianza kuwa zito kwa sababu ya joto mtu asiongeze maji kwenye mashine ili liteleze, hapo mtakuwa mnaua nguvu yake wenyewe, punguzeni ukubwa wa mchanganyo mmoja ili litumike likiwa bado laini.

Kuhusu baba mdogo. Hili usiliongelee saiti na usiliongelee siku ya kumwaga, vijana wakiwa wanasikia mzee hana njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa, hasa baada ya lile la jirani. Nenda kwake Kibosho kabla, siku ya katikati ya wiki, na watoto kama inawezekana, msalimie, kaeni, ndo umwambie una ombi. Usimwambie ulikosea jamvi. Mwambie ukweli ambao ni heshima kwake pia, kwamba nyumba zake za huku juu zimesimama, lakini wewe unayeshinda Mabogini umeona jua la kule linavyokula zege, na unaogopa hii slabu kwa sababu ya tenki na wajukuu zake. Halafu muombe akukabidhi kazi ya maji, umwambie Baba, wewe ukishasawazisha ukasema tayari, kuanzia hapo kufunika na kumwagilia niachie mimi, na wewe ndo utakayebonyeza useme sasa limekubali maji. Hapo umemwachia uamuzi wa lini, na kidole chake cha miaka yote hiyo kitamwambia kilekile ambacho kingekuambia wewe. Fundi mzoefu hawezi kubonyeza zege gumu akasema bado laini.

Mume wako naye aongee na baba yake mdogo kwa simu, siyo kukuachia wewe peke yako. Neno la mtoto wa kiume wa kaka yake lina uzito wake kwenye ukoo, na yeye ndo mwenye nyumba pamoja na wewe. Mwoneshe barua hii kama itasaidia. Na wekeni hela ya kijana mmoja wa kushinda na maji kwa hizo wiki mbili, kwa sababu kumwagilia mara nyingi hakumo kwenye makubaliano ya mtu yeyote na ndo maana hakufanyiki.

Jirani yako pia mpitie umshukuru, alitaka kusaidia.

Jamvi msibomoe. Lile limelala juu ya mawe na kifusi, halining'inii hewani kama slabu, nyufa nyembamba za aina ile haziliangushi. Ila msiache kulimwagilia, bado liko ndani ya siku ambazo maji yanalisaidia, lifunikeni leo hiihii hata kwa mchanga uliolowa muendelee mpaka litimize wiki mbili. Baadaye lichubue kwa msumari sehemu kadhaa, pakitoa unga mwingi paparuliwe mpaka kwenye ugumu kabla ya sakafu. Nyufa zifagiliwe vumbi, zilowanishwe, zijazwe uji mzito wa simenti, ndo mje na sakafu au tailizi. Kitakachonifanya nikwambie umwite mhandisi haraka ni ukiona ufa unazidi kupanuka wiki hadi wiki, au upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, hasa kama kiwanja chenu kiko kwenye ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Hiyo itakuwa habari ya ardhi, na maji ya juu hayaitibu.

Na mhandisi umwite kwa slabu hata hivyo, kabla ya Jumamosi. Lita 5000 ni tani tano, zimekaa sehemu moja, sijaona nondo zenu ni za ukubwa gani na zimepangwaje, na kumwagilia hata kwa mwezi mzima hakuwezi kuongeza nondo ambayo haikuwekwa. Akija akakagua mkeka wa nondo na mirunda, akisema subirini wiki nyingine, subirini. Mirunda isitolewe kabla ya siku 14, aseme yeye kama inatakiwa zaidi, na tenki lisipande juu mpaka zitimie 28, na hata hapo mlijaze kidogo kidogo huku mnaangalia chini ya slabu.